Muuza Vigari na Kiliya Wake: Tuheshimiane Vipi?

Juma hili tunataka kuzungumza juu ya kitu kidogo ambacho wengi wanakiona kuwa ni mchezo tu: kigari cha mtoto, ile motokari ndogo ya kuchezea inayotandikwa sokoni Bulambika pembeni ya sabuni, madaftari na biskuti. Noeli na Bonane zikikaribia, vigari hivi vinakuwa vingi. Vinaongezeka tena siku shule zinapotangaza matokeo ya mwisho wa mwaka, maana mtoto aliyepita anatazamia zawadi, na mama hataki kumwangusha moyo.

Pamoja na vigari huja maneno. Muuzaji analalamika kwamba makiliya wanakopa na hawalipi. Kiliya analalamika kwamba kigari kimevunjika kabla jua halijatua. Watoto wanaojitengenezea vigari vya waya wanalalamika kwamba watu wazima wanawanunulia kwa bei ya bure. Sisi walimu tunayasikia maneno hayo shuleni, kwa sababu ugomvi wa wazazi sokoni asubuhi unaingia darasani mchana kupitia midomo ya watoto. Ndiyo maana tumeona heri tulitazame jambo hili vizuri, upande wa anayeuza na upande wa anayenunua. Katika vikundi vyetu wamama wa pande zote mbili wapo, na mara nyingi ni mama yule yule: leo anauza, kesho ananunua.

Vigari vya aina mbili

Hapa kwetu Bunyakiri kuna vigari vya aina mbili.

Aina ya kwanza ni vile vya kiwandani, vya plastiki au vya chuma chepesi. Vingi vinatoka Uchina. Huko kuna mji unaoitwa Yiwu, wenye soko kubwa sana la jumla, ambako wafanyabiashara wa Afrika huenda kununua vitu vidogo vidogo vya kila namna. Na kuna eneo la Chenghai, katika mji wa Shantou, linalojulikana kwa viwanda vya vitu vya kuchezea. Vitu hivyo vinapita baharini, vinashushwa Dar es Salaam au Mombasa, vinapanda malori hadi Bukavu, na mwishowe vinafika Kadutu. Hapo ndipo wamama wetu wanaponunua kwa dozeni. Kisha inabaki safari ya kilomita kama 80 kupitia Miti na msitu wa Kahuzi-Biega, kwenye barabara ambayo mvua ikinyesha inageuka matope. Mama anayekuuzia kigari kimoja amekwisha kulipa nauli, amelipa mizigo, amelala njiani pengine, na amemwomba Mungu asikutane na wezi. Tukumbuke hayo tunapoanza kupatana bei.

Aina ya pili ni vile vinavyotengenezwa na watoto wetu wenyewe kwa waya, mikebe ya sardini, vizibo vya chupa, vipande vya kandambili zilizozeeka, na ule moyo mwepesi wa kuti la mchikichi. Mtoto anatengeneza kile anachokiona barabarani: Fuso iliyojaa mifuko ya mihogo na bidoni za mawese, jeep ya wageni, pikipiki ya motari. Kulikuwa na wakati ambapo vigari vyao vingi vilikuwa na herufi za Umoja wa Mataifa ubavuni. Ujumbe ule uliondoka Kivu ya Kusini katikati ya mwaka 2024, na polepole watoto wanazisahau herufi zile. Huko Goma watoto hujitengenezea vyukudu vidogo, kwa kuwa chukudu cha mbao ndicho kilichobeba mizigo ya mji ule miaka mingi, hata sanamu yake ikasimamishwa mjini.

Watoto wa Kivu hawako peke yao katika ufundi huu. Malawi wana jina lake, galimoto, na huko, kama Zambia na Zimbabwe, vigari vya waya vinasukumwa na watoto barabarani kila siku. Mjini Antsirabe, Madagascar, mafundi wanakata mikebe na kutengeneza motokari ndogo za Kifaransa za zamani, na wageni wanazinunua na kuzipeleka kwao. Dakar, Senegal, wanatengeneza kwa mabati vigari vinavyofanana na mabasi yao ya rangi nyingi. Kazi iliyoanza kama mchezo wa mtoto imekuwa chakula cha jamaa. Tutarudi kwenye jambo hilo mbele kidogo.

Wakubwa wanaonunua vigari

Pengine mtashangaa kusikia kwamba katika nchi za mbali kuna watu wazima, wenye ndevu na wajukuu, wanaonunua vigari vya chuma bila kuvichezea. Wanavipanga kabatini na kuvitazama. Biashara hiyo ina miaka mingi. Uingereza, mjini Liverpool, kampuni ya Frank Hornby ilianza kuuza vigari vya Dinky katika miaka ya 1930. Ufaransa walikuwa na Solido tangu mwaka 1932, na baadaye Norev na Majorette. Marekani, Hot Wheels ilianza mwaka 1968 katika kampuni ya Mattel, ambayo mmoja wa waanzilishi wake alikuwa mwanamke na mama, Ruth Handler.

Kuna habari moja ambayo sisi walimu tunaipenda. Jack Odell, fundi wa London, alikuwa na binti ambaye shule yake iliruhusu watoto kuleta kitu cha kuchezea endapo tu kinaweza kuingia ndani ya kiberiti. Baba akamtengenezea mtambo mdogo wa kushindilia barabara, ukaingia kibiritini. Watoto wengine wakautaka. Kutokana na hapo, mwaka 1953, vikaanza vigari vilivyoitwa Matchbox, maana yake kiberiti, vikauzwa dunia nzima. Amri ya shule na upendo wa mzazi vilizaa kiwanda.

Basi kati ya wakubwa hao wanaokusanya vigari na maduka yanayowauzia kumekuwa na sheria ambazo hazikuandikwa na serikali. Kwanza, muuzaji mwema anasema ukweli juu ya hali ya kitu. Kigari kilichopakwa rangi upya kisiuzwe kama kile kilichotoka kiwandani na rangi yake ya kwanza. Ukifanya hivyo mara moja na ukagunduliwa, jina lako limekufa. Pili, boksi ni sehemu ya mali. Kigari cha zamani chenye boksi lake kinalipiwa zaidi kuliko kile kilicho uchi. Kuna vigari vya Dinky vya miaka ya 1930 vilivyouzwa mnadani Uingereza kwa zaidi ya paundi 10,000 kila kimoja. Tatu, kiliya mwaminifu anawekewa. Muuzaji anajua huyu anakusanya malori, yule anakusanya motokari za polisi, naye akipata anamwita.

Lakini malalamiko pia yapo huko. Tangu mwaka 1995 Hot Wheels wamekuwa wakiweka vigari vichache vya pekee katikati ya vile vya kawaida, ili wanunuzi wavitafute. Makiliya wakaanza kunung'unika kwamba wafanyakazi wa maduka wanavificha kabla ya mlango kufunguliwa, au kwamba wachuuzi wanakuja alfajiri na kufagia vyote, halafu wanaviuza tena kwa bei mara nyingi zaidi. Mama wa Bunyakiri akisikia hayo anatikisa kichwa, kwani anayajua. Ni sawasawa na yule anayeficha chumvi anaposikia barabara imefungwa. Kitu kinaweza kuwa kidogo au kikubwa, cha mchezo au cha chakula, lakini moyo wa binadamu ni ule ule.

Je, kiliya ni mfalme?

Wafanyabiashara wanapenda kusema kwamba mteja ni mfalme. Tukiangalia vizuri, neno hilo halitoshi. Mfalme anachukua bila kuuliza, tena hasemwi. Kiliya wa namna hiyo ataua biashara ya mama mwenzake kwa majuma machache. Kwa upande mwingine wako wauzaji wanaomwona kiliya kama samaki wa kuvuliwa: akiingia wavuni, asitoke na faranga mfukoni. Huyo naye hana siku nyingi.

Hapa kwetu tunatumia neno zuri sana, kiliya, tena tunaliita kwa pande zote mbili. Muuzaji anamwita mnunuzi "kiliya wangu", na mnunuzi anamwita muuzaji "kiliya wangu". Neno moja kwa watu wawili linatufundisha kitu: kila mmoja ni wa mwenzake. Kiliya wa kweli anarudi kwako hata kama jirani anauza kwa faranga 100 chini, kwa sababu anajua hutamdanganya. Nawe unamwongezea nyongeza kidogo, pipi moja kwa mtoto, au unamwambia ukweli: "Mama, hiki usichukue, gurudumu lake limelegea. Ngoja juma lijalo nitaleta vizuri." Muuzaji anayesema maneno hayo anapoteza faida ya siku moja na kupata faida ya miaka.

Hesabu ya dozeni moja

Wacha tufanye hesabu, maana bila hesabu tutabaki na huruma tu. Tuchukue mfano. Mama amenunua dozeni ya vigari Kadutu kwa faranga 18,000. Usafiri wa dozeni hiyo, tuseme, ni faranga 2,000. Jumla ni 20,000. Anauza kila kigari 2,500. Akiuza vyote 12 anapata 30,000. Faida ni 10,000. Hiyo ni sabuni, chumvi, na daftari mbili tatu.

Sasa makiliya watatu wamechukua kwa deni na hawakulipa. Amekosa 7,500. Faida imebaki 2,500. Kisha kiliya wa nne amerudisha kigari kilichovunjika, naye amempa kingine bila malipo. Vigari vilivyoleta pesa sasa ni 8 tu, yaani faranga 20,000. Faida ni sifuri. Mama amesafiri hadi Bukavu na kurudi, amekaa juani siku nyingi, na amefanya kazi bure. Na ikiwa ile 20,000 ilitoka katika mkopo wa MUSO, bado anadaiwa riba. Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Tunaocheka na muuzaji siku ya kukopa, tusimkimbie siku ya kulipa.

Kwa hiyo, mama unayeuza, usione haya kuwa na daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika jina, kitu, bei, siku ya kulipa. Mwenye deni aione ikiandikwa, aweke kidole au alama yake. Kama hujui kusoma vizuri, mtoto wako wa darasa la 4 anaweza kukuandikia. Kwake hilo litakuwa zoezi zuri kuliko mengi tunayompa ubaoni. Jiwekee pia kipimo: katika dozeni moja, visiende kwa deni zaidi ya viwili. Mtu wa tatu akija, mwambie kwa upole, "Kiliya wangu, viwili viko nje tayari. Vikirudi, cha tatu ni chako." Hakuna tusi katika maneno hayo.

Na mama unayenunua, kama huna pesa yote leo, kuna njia bora kuliko deni: lipa kidogo kidogo kabla. Mwachie muuzaji 500 kila soko, aandike, na siku ya tano mtoto anachukua kigari chake. Hao wakusanyaji wa mbali wanafanya hivyo hivyo. Wanalipa sehemu kabla ya kitu kufika. Sisi tunaita komande. Lakini komande nayo ina sharti lake: muuzaji aliyepokea pesa ya komande asiitumie kununulia unga. Pesa ile si yake mpaka kitu kifike mkononi mwa kiliya.

Ugomvi wa magurudumu mawili

Tunajua kisa cha wamama wawili wa kikundi kimoja cha akiba. Majina tunayaacha. Mmoja alimuuzia mwenzake kigari cha plastiki asubuhi. Jioni magurudumu mawili yalikuwa yamekatika. Mnunuzi akarudi, akadai pesa yake. Muuzaji akasema, "Kilitoka hapa kizima, uliza mtoto wako alikifanyia nini." Mnunuzi akajibu kwamba kitu cha kuchezea kisichoweza kuchezewa ni uongo. Wote wawili walikuwa na ukweli kidogo. Majuma matatu hawakusalimiana. Siku ya mkutano kila mmoja alikaa mwisho wake wa benchi, na michango ikaanza kuchelewa, maana rafiki za huyu hawakutaka kuketi na rafiki za yule.

Tazameni jinsi magurudumu mawili ya plastiki yalivyokaribia kuvunja sanduku la wamama wote. Mwishowe mama mmoja mzee aliwauliza swali la kawaida kabisa: "Wakati wa kununua mlikubaliana nini kuhusu kuvunjika?" Hawakuwa wamekubaliana lolote. Kisha kijana mmoja wa jirani, fundi wa vigari vya waya, akatia magurudumu ya kandambili, na kigari kikatembea kuliko mwanzo. Muuzaji alilipa nusu ya kazi ile, mnunuzi nusu. Hatuwezi kusema kwamba urafiki ulirudi kama zamani siku hiyo hiyo. Lakini wanasalimiana, na michango inafika.

Swali la mama yule ndilo tunalotaka kila mmoja wenu alibebe: mlikubaliana nini? Tunapendekeza jambo rahisi. Kigari kijaribiwe mbele ya wote wawili kabla ya pesa kupita. Kizungushwe magurudumu, kivutwe milango, kiwashwe kama kina taa. Kikionekana na kasoro pale pale, muuzaji abadilishe bila maneno. Kikivunjika siku hiyo nyumbani, wasaidiane kukitengeneza. Kikivunjika baada ya hapo, ni cha mtoto na mama yake. Makubaliano ya namna hiyo yakisemwa kwa sauti wakati wa kununua, hayatahitaji mzee wa kuamua.

Mtoto akija peke yake na pesa

Hapa tunasema kama walimu. Mtoto wa miaka saba amekuja mezani pako na noti ya faranga 5,000. Anataka kigari. Hapo biashara ni tamu: hapatani bei, hajui hesabu vizuri, na jicho lake liko kwenye rangi nyekundu tu. Utamuuzia?

Mama mwenye hekima anauliza kwanza: "Mama yako anajua? Pesa hii ilitoka wapi?" Inawezekana ni pesa ya mafuta, au ya dawa ya mdogo wake. Inawezekana ameipata kwa njia isiyofaa. Ukimuuzia bila kuuliza, umepata 2,500, lakini jioni mama yake atakuja, nawe utakuwa umemfundisha mtoto kwamba pesa haina mwenyewe. Mwambie aje na mtu mkubwa, mwekee kigari pembeni, na utimize neno lako la kumwekea. Mtoto atajua kwamba mkubwa akiahidi, anatimiza. Somo hilo ni gumu kulifundisha darasani.

Kama mama yake anajua na amekubali, basi mtendee kama kiliya kamili. Bei yake iwe bei ya wote. Mhesabie chenji mkononi, polepole, kwa sauti. Kuna wanaofikiri kwamba kumpunja mtoto si wizi kwa kuwa hajui. Ni wizi mara mbili, kwa sababu unachukua pesa yake na kumfundisha kwamba watu wazima hawaaminiki.

Nanyi wazazi, msiogope kumpeleka mtoto sokoni achague mwenyewe. Mpe kiasi chake, mwache alinganishe, akose kimoja ili apate kingine. Na tusiwasahau mabinti. Tumezoea kununulia mvulana kigari na msichana kitana. Binti anayejua kukaza gurudumu leo hatashindwa kutengeneza mashine ya kusaga mihogo kesho.

Vigari vinafaa hata kwa masomo. Kwenye vile vya kiwandani mara nyingi pameandikwa chini namba kama 1:64 au 1:43. Maana yake ni kwamba motokari ya kweli ni ndefu mara 64, au mara 43, kuliko kigari. Motokari ya mita 4 na nusu ikigawanywa kwa 64 inakuwa sentimita 7 hivi. Kwa 43, sentimita kumi na nusu. Mwachie mtoto apime kigari chake kwa rula na kukisia urefu wa motokari yenyewe. Atajifunza hesabu bila kujua kwamba anajifunza.

Jasho la watoto mafundi

Tulisema tutarudi kwa watoto wanaotengeneza. Kijana wa darasa la 6 anaweza kukaa siku mbili au tatu akikunja waya, akikata mkebe, akijikata na vidole pia. Kisha mtu mzima anapita, anasema, "Hiki ni takataka tu, chukua faranga 500," na anakipeleka Bukavu kumuuzia mgeni kwa dola kadhaa. Kwa kweli mkebe ulikuwa takataka. Lakini ufundi si takataka.

Hatusemi mchuuzi asipate faida. Yeye analipa nauli, anatafuta wanunuzi, anabeba hasara kigari kikiharibika njiani. Tunasema tu kwamba bei isemwe mbele ya mzazi, na mtoto ajue kigari chake kinauzwa kiasi gani huko kinakokwenda. Huko Antsirabe na Dakar tulikotaja, kazi hii inafaa kwa sababu ni karakana za watu wazima, zinazojulikana, na mnunuzi anajua anarudi kwa nani akitaka kingine. Hapa kwetu kikundi cha wamama kinaweza kuwa mlango huo: wamama wanakusanya vigari, wanaandika jina la aliyetengeneza, wanapeleka pamoja, na pesa inarudi na orodha.

Lakini shule inatangulia. Katiba yetu ya mwaka 2006 inasema elimu ya msingi ni ya lazima na ni bure katika shule za serikali, na tangu mwaka wa shule ulioanza mwezi wa 9 mwaka 2019 jambo hilo limeanza kutekelezwa. Komande za vigari zikiwa nyingi, mchuuzi asimfanye mtoto akose masomo. Mtoto afanye ufundi baada ya shule na siku ya mapumziko, tena kwa hiari yake. Kiliya anayesema "Nataka ishirini kesho" kwa mtoto wa miaka 11, huyo si kiliya tena. Amekuwa bwana wa kazi bila mkataba.

Afya ya mtoto ni bei pia

Rahisi ni ghali. Mwaka 2007 kampuni ya Mattel yenyewe, kubwa kama ilivyo, ililazimika kuwaita wanunuzi warudishe vigari zaidi ya 400,000 vya aina moja, kwa kuwa rangi yake ilikuwa na risasi, ile madini nzito yenye sumu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Inadhuru ubongo wa mtoto mdogo, na mtoto mdogo anatia kila kitu mdomoni. Kampuni ile ilisema wazi na ikarudisha. Hapa kwetu hakuna atakayekuita. Ofisi ya serikali inayokagua bidhaa, OCC, ipo tangu mwaka 1974, lakini vitu vingi vinapita njia ndogo. Basi jicho la muuzaji na jicho la mama ndiyo ofisi ya kwanza.

Muuzaji, ukiwa Kadutu, kwaruza kidogo kwa ukucha; rangi inayotoka kama unga, iache hapo. Nusa, kitu chenye harufu kali ya kemikali, kiache. Mama, usimpe mtoto aliye chini ya miaka mitatu kigari chenye vipande vidogo vinavyoweza kumkaba. Vigari vya mkebe vikunjwe ncha zake zote ndani, visikate. Na jihadharini sana na betri zile ndogo bapa zinazofanana na kifungo. Mtoto akimeza moja inaweza kuunguza koo lake ndani ya saa chache. Usingoje asubuhi, usimpe dawa ya kienyeji. Mkimbize hospitali na uwaambie wauguzi kwamba amemeza betri. Muuzaji anayeuza kigari chenye betri hizo amwambie kila kiliya neno hilo. Litamgharimu dakika moja tu.

Tukubaliane

Wamama wapenzi, katika nchi yetu hii ambako mtu anaweza kuamka na kukuta meza yake imeporwa, imani kati ya anayeuza na anayenunua ni mali ambayo mwizi hawezi kuibeba. Mama aliyepoteza bidhaa zote kwa ajili ya vita anaanza tena kwa sababu makiliya wake wanamjua. Aliyempunja jirani yake hana mahali pa kuanzia.

Tunawaomba vikundi vichukue maswali haya katika mkutano wa juma hili:

1. Katika kikundi chetu, ni nani anauza na nani ananunua kwake? Kuna deni gani la zamani ambalo limetufanya tukwepane njiani?

2. Tutakubaliana nini kuhusu kitu kinachovunjika siku ile ile?

3. Mtoto akija peke yake na pesa, sisi wauzaji tutafanya nini wote kwa namna moja?

4. Katika mtaa wetu kuna watoto mafundi wangapi? Nani ananunua vigari vyao, na kwa bei gani?

5. Kila muuzaji aoneshe daftari lake. Asiye nalo, kikundi kimpe moja.

Swali la kwanza ndilo gumu kuliko yote. Anzeni nalo kabla ya kupitisha sanduku la michango, na anayedaiwa aseme kwanza, asingoje kutajwa.